Miaka Yangu na Migongo ya Kariakoo

Happiness, wewe na wenzako mlioirithi ofisi yangu mmenitaka niandike nilichojifunza kabla sijakisahau. Nimeanza leo, wiki ya pili tangu nistaafu, kwa sababu nimegundua kwamba mstaafu akikaa bure nyumbani kwake Buguruni hupangiwa kazi na kila anayepita. Habari za vyeo nitaziruka. Nilipanda polepole, tena kwa ngazi, maana lifti ya jengo letu pale Posta ilikuwa na ratiba yake ambayo sisi wapangaji hatukuonyeshwa.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vya visigino na vyeti vyangu ndani ya mfuko wa nailoni. Ofisi ilikuwa vyumba viwili. Kazi yetu mnaijua: tunaitwa na wenye viwanda, maduka na stoo, tunatazama watu wao wanavyofanya kazi, kisha tunasema ni kipi kitawaumiza migongo, shingo na magoti, na kirekebishwe vipi. Wasomi wanaiita ergonomia. Nilipomweleza mama yangu, ambaye alitoka Masasi na mtoto mgongoni na debe la mihogo kichwani, aliniuliza, "Yaani wewe kazi yako ni kutazama wenzio wakifanya kazi?" Nikasema ndiyo. "Baba yako angeipenda sana," akasema.

Bosi wangu alikuwa Bwana Kaombwe, Mngoni mrefu, mkavu, ambaye hakuwahi kucheka, kwa hiyo hatukujua ni wakati gani anatania. Ofisi yake iliyoshauri viti vya mji mzima ilikuwa na kiti kimoja kizima, nacho kilikuwa cha wageni. Cha kwake kilifungwa kamba mguuni. Asubuhi ile hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniambia nijaze ndoo maji. Nikadhani ni ya kupigia deki, nikaanza kujuta kusoma.

"Ikumbatie tumboni," akasema. Nikaikumbatia. "Nzito?"

"Kawaida, bwana."

"Sasa nyoosha mikono, uishike mbele yako."

Kabla hajamaliza kunywa funda moja la chai, mikono yangu ilikuwa inatetemeka na kiuno kinalia.

"Maji yameongezeka?"

"Hapana, bwana."

"Kilichoongezeka ni umbali. Ndoo ni ileile, lakini kila unapoisogeza mbali na tumbo, mgongo unavuta zaidi upande wa pili ili usianguke. Umewahi kuona watoto wawili kwenye ubao wa bembea? Mdogo akikaa mwisho kabisa anamnyanyua mkubwa aliyekaa karibu na katikati. Mgongo wako ndiye yule mkubwa." Akaweka kikombe chini. "Haya, sasa kapige deki, maji yasipotee."

Nimesoma vitabu vingi baada ya hapo. Hakuna kilichozidi ndoo ile.

Wiki hiyohiyo akanipeleka Kariakoo. Tukaketi kwenye mgahawa, ng'ambo ya fundi cherehani aliyekuwa akishona barazani. Nikanyanyuka ili nikamhoji. Bwana Kaombwe akanivuta nikae.

"Ukimuuliza mtu wa Kariakoo kama anaumwa, atakwambia safi tu, hata kama amebebwa. Wewe tazama mkono wake ukiwa hauna kazi unakwenda wapi."

Tukatazama. Kila fundi alipokata uzi, mkono wa kushoto ulipanda kwenye kisogo, ukasugua, ukarudi kazini. Mwenyewe wala hakujua. Meza ilikuwa chini mno kwake, kwa hiyo alikuwa ameinamisha shingo tangu asubuhi. Kichwa cha mtu kina uzito kama wa tikiti kubwa. Kikiwa wima mifupa inakibeba, kikiinama misuli ya shingo inakining'iniza.

Nikafurahi sana kuelewa, nikatoa futi yangu mpya ya chuma, nikavuka barabara kuipima ile meza. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo naomba msilirudie. Mtu mmoja akapaza sauti, "Jamani, wamekuja kupima!"

Kariakoo neno "kupima" lina maana moja: barabara inapanuliwa, vibanda vinavunjwa. Mtaa mzima ukaondoka. Meza za soksi zikakunjwa, muuza juisi akakimbia na blenda yake waya ukiburuta nyuma, na mama lishe mmoja akachuchumaa, akakumbatia sufuria la maharage kwa matambara, mgongo wima, sufuria karibu kabisa na tumbo, akasimama kwa nguvu ya mapaja na kupotelea kichochoroni. Sijamwona tena mtu akinyanyua mzigo kwa ufundi ule.

Bwana Kaombwe alikuwa amesimama nyuma yangu na daftari. "Hilo liandike," akasema.

Tangu siku hiyo jina langu mjini likawa Mama Futi, na nilikuwa sijapata hata mchumba.

Kazi ya kwanza niliyopewa peke yangu ilikuwa ya Mama Neema, aliyekuwa na karakana ya kushona sare za shule kwenye ghorofa moja karibu na Msimbazi. Mafundi kumi na wawili, wote wanalalamika mabega. Nikapima viwiko vya kila mmoja akiwa amekaa, nikajumlisha, nikagawanya, nikapata wastani mzuri wenye desimali. Seremala akatengeneza meza zote kwa kimo kile. Zilikaa kwenye mstari mmoja kama gwaride, nikapiga picha.

Nikarudi baada ya wiki mbili kupokea shukrani. Fundi mmoja mrefu alikuwa anashona amekaa upande kama mwanamke aliyepanda baiskeli, maana magoti hayakuingia chini ya meza. Mwenzake mfupi alikuwa ameinua viwiko juu kama anayeomba dua, na miguu yake haikufika chini. Zamani waliumwa mabega. Sasa wameongeza na viuno.

Mama Neema akanisubiri nimalize kuzunguka. "Dada Rukia," akasema, "huyu Wastani wako ni nani?"

"Ni hesabu tu, mama. Ni kimo cha katikati..."

"Basi mlete ashone yeye, maana hapa kwangu hayupo."

Nilimwita tena seremala. Tukaweka vipande vya mbao chini ya miguu ya meza, mtu kwa kimo chake. Wafupi wakapata mito ya kukalia na kreti za soda za kukanyagia. Mstari ukavurugika, karakana ikaonekana kama meno ya mzee, na mabega yakapona. Ile picha ya gwaride niliichana.

Miaka ikaenda. Bwana Kaombwe akastaafu, akarudi Songea kufuga nyuki, akaniachia ofisi na kile kiti chenye kamba. Nikaolewa, nikazaa, nikazeeka kidogo, nikawa hodari wa kuwafundisha watu kunyanyua mizigo. Niseme kweli: nilikuwa nimeanza kujisikia. Mungu anapotaka kumrekebisha mtu anayejisikia, humpeleka stoo ya mitumba.

Stoo yenyewe ilikuwa ya Mzee Salehe, mwenyeji wa Kariakoo tangu enzi za babu yake, muuza mitumba wa jumla. Duka lilikuwa chini, stoo ghorofa ya tatu, na katikati hakuna lifti, kuna makuli. Watu tisa walipandisha marobota mgongoni kutwa nzima, robota moja likikaribia kilo mia. Wawili walikuwa wameacha kazi kwa maumivu, wa tatu alikuwa amelala kwao, ndipo Mzee Salehe akaniita.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Hawa wengine ni walegevu, Bi Rukia. Nataka uwafundishe wawe kama Chande."

Chande alikuwa kiongozi wa makuli, mtu wa Kilwa, wa miaka arobaini na kitu, kifua kama kabati. Mzee Salehe alimpenda kama wengine wanavyopenda gari. Wafanyabiashara wenzake wakija, aliwatoa nje wakamwone Chande akipanda ghorofa tatu na robota bila kupumzika. Nikamuuliza Chande kuhusu mgongo wake.

"Mgongo wangu ni chuma, mama," akasema, na makuli wakapiga makofi.

Nikatazama mikono yake, kama nilivyofundishwa. Haikuwahi kukosa kazi. Ikikosa robota, inazungusha kijiti cha meno. Nikaandika kwenye daftari: Chande, hana tatizo. Daftari hilo ninalo mpaka leo na ukurasa huo sijauondoa.

Siku ya mafunzo nilipanda na picha kubwa ya rangi na boksi tupu. Nikawakusanya ghorofa ya tatu, Mzee Salehe naye akaja na kiti chake. Nikaeleza ubao wa bembea. Nikaeleza kwamba ukitaka kugeuka na mzigo, geuza miguu, usisokote kiuno, maana zile diski laini kati ya pingili za mgongo zinavumilia kukandamizwa kuliko zinavyovumilia kukandamizwa na kusokotwa kwa pamoja. Kwenye picha yangu jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu.

Kisha nikaonyesha. Nikachuchumaa, mgongo wima, boksi tumboni, nikasimama vizuri kabisa. Nyuma yangu kuli mmoja akauliza, "Mama, na kama robota halina pa kushika?"

Nikageuka kumjibu. Miguu ikabaki pale pale, kiuno peke yake ndicho kilichogeuka. Boksi lilikuwa tupu, narudia, tupu. Nikasikia kitu kimeshika kiunoni kama kufuli, nikaganda, uso umeelekea ukutani na boksi liko mkononi.

Makuli wakasubiri. Walidhani ni sehemu ya somo.

"Mama," Chande akasema baada ya muda, "hivyo ndivyo, au hivyo ndivyo isivyotakiwa?"

"Nimekwama," nikasema.

Hakuna aliyecheka, na kwa hilo nitawashukuru mpaka kaburini. Walicheka baadaye, kwa miaka. Chande akachukua uongozi. Wakatandaza turubai, wakafunga miti miwili pembeni, wakanilaza. Wanne wakaninyanyua kwa pamoja, polepole, kila mmoja karibu na mzigo wake, yaani mimi.

"Hili lina thamani," Chande akawaambia. "Msiligonge ukutani."

Yeye alishika upande wa miguuni na kutangulia kushuka. Nikiwa pale niliona mgongo wake na dari tu, lakini masikio yalikuwa mazima. Nikaanza kusikia hatua zake. Mguu wa kushoto ulitua *tu*. Wa kulia ulitua *pa*, kama ndala, na alivaa buti. *Tu, pa. Tu, pa.* Kwenye ghorofa ya pili ncha ya buti la kulia ikakwama kwenye sakafu tambarare, akayumba, nami nikayumba.

"Samahani mama, hizi ngazi."

Pale hapakuwa na ngazi.

Waliponishusha dukani, nikamwambia, "Chande, simama kwa visigino. Nyanyua vidole vya miguu yote."

"Mama, wewe ndiye mgonjwa."

"Vua buti, simama kwa visigino."

Akavua. Vidole vya kushoto vikanyanyuka. Vya kulia vikabaki sakafuni, vimelala. Mmoja wa makuli akaanza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

"Huu mguu umelala tangu lini?"

Chande akamwangalia Mzee Salehe, akaangalia mguu. "Tangu kabla ya Ramadhani. Utaamka tu. Na kidole gumba sikisikii, lakini sikitumii."

Hapo nikaelewa. Diski ilikuwa imetoka mahali pake ikikandamiza mshipa wa fahamu uendao mguuni. Maumivu mtu anaweza kuyavumilia. Mguu unapoanza kufa nguvu, kuvumilia ndiko kunakoumaliza. Kila robota alilopandisha tangu Ramadhani lilikuwa linasukuma pale pale, na miye nilikuwa nimeandika hana tatizo.

"Twende hospitali leo."

"Mimi? Siendi." Akavaa buti. Akainama karibu nami, sauti ikawa ndogo. "Mama, nikisema naumwa mimi ni nani hapa? Nina watoto wanne. Hapa najulikana kwa mgongo huu tu."

Nilifikiri kwa haraka, jambo gumu mtu akiwa amelala juu ya turubai. Nikapaza sauti. "Mzee Salehe, mimi siendi hospitali bila mtu wa kunibeba. Nimtake nani? Nataka huyu mwenye mgongo wa chuma."

Mzee Salehe akasema, "Chande, nenda na mama," na Chande akashika tena upande wa miguuni.

Gari lililokuwepo ni kirikuu, pikapu ndogo, kilichojaa nguo za mitumba zilizofunguliwa. Wakanilaza juu ya masweta. Tulipopita Msimbazi mwanamke mmoja kwenye foleni akanyoosha mkono, akavuta mkono wa sweta lililokuwa chini ya kichwa changu na kuuliza, "Hizi ni gredi ya kwanza?" Chande akamjibu kwamba haziuzwi, zina mgonjwa.

Hospitali nesi akauliza, "Mgonjwa nani?" Mimi nikamwonyesha Chande, Chande akanionyesha mimi.

Daktari alinimaliza kwa dakika tano: misuli imekaza, dawa, siku chache za kutembea taratibu. Kwa Chande alikaa sana. Alimgonga magoti, akamkwaruza nyayo, akampeleka kwenye kipimo, akarudi akisema asubuhi ijayo afanyiwe upasuaji, jambo lisisubiri.

Chande akaja kukaa kando ya kitanda changu. "Mama, umenidanganya."

"Ndiyo."

"Na mgongo wako?"

"Huo ni kweli kabisa. Usinichekeshe, unauma."

Jioni Mzee Salehe alifika amekasirika. Alisimama mlangoni akasema haiwezekani, Chande hajawahi kuumwa, Chande ni chuma. Nilikuwa nimechoka na adabu ilikuwa imeniishia. "Mzee," nikamwambia, "chuma hakina mishipa, na hakina watoto wanne. Huyu ni mtu. Umekuwa ukiwaonyesha watu huku anaharibika."

Nilitegemea anifokee. Badala yake akakaa kwenye benchi, akavua kofia, akaishika magotini. Akamuuliza Chande, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na wageni, mzee," Chande akasema.

Mzee Salehe akalia. Sikuwahi kufikiri nitaandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alilala kwenye benchi lile mpaka asubuhi, na Chande alipoingizwa chumba cha upasuaji, yeye ndiye aliyeshika buti zake.

Mguu ulirudi taratibu, miezi kadhaa. Kidole gumba hakikurudi. Chande alisema hakilaumu kidole, hawakuwa na uhusiano mkubwa. Lakini daktari alimkataza mizigo maisha yake yote, na hapo mimi na Mzee Salehe tulikaa chini tukazungumza kama watu wazima. Niliweka ile picha ya rangi pembeni. Kwa robota la kilo mia na ghorofa tatu, hakuna namna nzuri ya kunyanyua. Unabadilisha kazi, hubadilishi mgongo. Akanunua winchi ya umeme, ikafungwa kwenye boriti nje ya dirisha la juu, pakawekwa uzio chini, na Chande akapewa filimbi na usimamizi wote.

Siku ya uzinduzi robota la kwanza likapaa vizuri, watu wakashangilia. Lilipofika ghorofa ya pili umeme ukakatika. Likaning'inia mbele ya dirisha la saluni ya kike. Chande akapiga filimbi, haikusaidia umeme. Uliporudi, robota lilikuwa na tundu ubavuni, na akina mama wawili wenye rola kichwani walikuwa wameshachagua blauzi na kuzijaribu. Wiki iliyofuata tukaongeza kapi ya mnyororo wa kuvuta kwa mkono, na dirisha la saluni likawekwa nondo.

Happiness, ziara yangu ya mwisho nilikwenda na wewe, lakini ulibaki chini unapima uzio, kwa hiyo hukuona kilichotokea juu. Chande alikuwa anawapokea makuli wapya wanane. Alipandisha shati, akawaonyesha kovu.

"Hili nililipata kwa kunyamaza," akasema. "Nani hapa anaumwa?"

Nikawatazama wale wanaume, mabega mapana, macho sakafuni, nikajua jibu: safi tu. Halafu mmoja, mtu mkubwa kutoka Tandahimba, akakohoa.

"Mimi, kaka. Hapa kiunoni. Yapata wiki tatu."

Nikasubiri kicheko. Chande akamsogezea stuli kwa mguu wake.

"Kaa hapo. Leo utashika mnyororo, hubebi kitu. Nani mwingine?"

Mikono miwili ikapanda, kisha wa tatu. Wa nne ulipanda nyuma yangu, mlangoni, ukiwa ndani ya mkono mpana wa kanzu.

"Mimi ni magoti," Mzee Salehe akasema. "Yote mawili."